Vipuri Vilivyotumika: Kabla Fedha Haijatoka Mkononi

Miongoni mwa matumizi ambayo kwa desturi hayaandikwi katika daftari la nyumba ni yale ya gari. Unga, sukari, mkaa, sabuni na karo za watoto huandikwa kila mwezi. Gari huachiwa baba na fundi wake, na fedha yake hutoka kimya kimya, mara nyingine ikitolewa katika bahasha ile ile ya karo. Katika nyumba ya sajini mmoja wa Juba desturi hiyo ilikoma Jumamosi moja, mbele ya meza ya muuza vipuri katika soko la Custom, kwa sababu ya kifaa cha chuma kiitwacho difu.

Kwa asiyeijua, Custom ni mtaa, ni soko na ni kituo cha magari, vyote kwa pamoja. Basi ndogo hupakia abiria hapo, bodaboda husongamana, na kando kando yake huuzwa karibu kila kitu kinachohitajiwa na mtu au na gari. Kiarabu cha Juba ndicho kinachotawala sokoni, lakini Kiswahili hakikosekani, maana wafanyabiashara wengi wametoka Uganda, Kenya na Kongo, na wenyeji wengi walikulia ukimbizini katika nchi hizo. Askari nao wengi wanakifahamu. Kwa hiyo si ajabu kwamba mabishano ya siku hiyo yalikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Sajini huyo anamiliki Subaru Impreza aliyoinunua Kampala. Mkewe hakulipenda gari hilo tangu siku lilipofika, kwa kuwa lina mngurumo mkubwa na linakunywa petroli. Lakini wanaume wa umri wake wana sababu zao. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda mashindano ya Safari ya Kenya kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa Impreza. Vijana waliokuwa wakisikiliza habari hizo redioni ndio akina baba wa leo, na gari lile la buluu lenye rimu za dhahabu halijawatoka moyoni. Mapenzi hayo hayana ubaya, ila yana gharama: gari lililotengenezwa kwa mwendo wa kasi lina breki, springi, shafti na gia zilizo ghali kuliko za gari la kawaida, na hapo ndipo soko la vipuri vilivyotumika linapoingia.

Aidha, gari hilo lina kazi ya lazima. Watoto watatu wa nyumba ile husoma Gulu, kaskazini mwa Uganda, kama wasomavyo watoto wengi wa watumishi wa Juba. Kila muhula hupelekwa na kurudishwa kwa barabara ya Nimule. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilometa 192, ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani na kufunguliwa mwaka 2012. Safari iliyokuwa ikila siku nzima katika vumbi na matope ikawa ya saa chache tu. Lakini lami huleta kasi, na kasi hudai breki. Gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa halihitaji breki mara 2 ya lile linalokwenda 50, bali lina nguvu ya mwendo mara 4, na nguvu hiyo yote hapana budi igeuzwe kuwa joto katika diski nne na pedi zake kabla gari halijasimama.

Ilibaki wiki moja shule zifunguliwe, na difu ya nyuma ikaanza kulia.

Yafaa kwanza kueleza vipuri hivi hutoka wapi, kwa sababu mnunuzi asiyejua asili ya kitu hawezi kukikagua. Sehemu kubwa asili yake ni Japani. Huko gari dogo jipya la mtu binafsi hukaguliwa rasmi baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Watu wengi huona heri kuliuza gari lingali zima kuliko kulitengeneza ili lifaulu tena. Magari mengine husafirishwa mazima, mengine hukatwa na kufunguliwa, na injini, giaboksi, difu, shokamzoba na milango yake hujazwa katika makontena. Baadhi hupitia Sharjah, katika nchi za Falme za Kiarabu, ambako biashara ya vipuri vilivyotumika ni kubwa mno. Mengine hushushwa Mombasa moja kwa moja. Kutoka hapo vipuri huenda Kirinyaga Road mjini Nairobi, mahali ambapo wazee bado huita Grogan, na soko la Kisekka mjini Kampala, lililopewa jina la Dk. Samson Kisekka aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda. Mchuuzi wa Juba hununua Kampala, hupakia juu ya lori au chini ya viti vya basi, huvuka mpaka Elegu na Nimule, na ndipo mzigo ufike Custom. Kila mkono uliopitia umeongeza faida yake, na kila mkono umepunguza habari moja. Yule wa Japani alijua kilometa zilizotembewa. Wa Sharjah alijua aina ya gari. Wa Kampala alijua mwaka. Wa Custom mara nyingi anajua bei tu.

Kipo pia chanzo cha pili, nacho kiko karibu zaidi: magari yaliyopata ajali humu humu nchini. Gari likipinduka, mwenyewe huuza kilichosalia, na mkono wa springi uliopinda kwa milimeta chache hauonekani kwa macho ukiwa peke yake mezani. Ndiyo maana fundi mzuri hukiweka kipuri kando ya mwenzake wa upande wa pili akavilinganisha, au akakilaza juu ya kioo au ubao ulionyooka. Chuma kilichopinda kikanyooshwa kwa nyundo na moto hakirudii nguvu zake. Rangi mpya juu ya kipuri cha zamani nayo ni ya kutiliwa shaka. Muuzaji hana sababu ya kupaka rangi mkono wa springi isipokuwa kuna kitu cha kufunikwa.

Jumamosi ile, basi, sajini alikwenda Custom akiwa na fundi wake, na mkewe akafuatana nao akisema kwamba anakwenda kununua mboga. Difu mbovu ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kuletwa ndani ya gunia. Kijana muuza vipuri, mwenyeji wa Kampala, alikuwa na difu moja ya Subaru, safi, iliyooshwa kwa dizeli hadi ikang'aa.

“Afande, hii imetoka Japani juzi tu,” alisema. “Difu ni difu. Ifunge leo, kesho uko Nimule.”

Sajini alikwisha kuingiza mkono mfukoni. Hapo mkewe alimwuliza kijana swali ambalo hakuna aliyelitazamia: “Mwanangu, hiyo yetu na hiyo yako zina meno sawa?”

Kijana alicheka kidogo. Fundi hakucheka. Pengine yeye ndiye aliyelijua neno hilo na akaona haya kulitamka mbele ya afande aliyekuwa na haraka.

Swali la mama huyo ndilo kiini cha biashara nzima ya vipuri vya aina hii. Difu ni sanduku la gia linalopokea mzunguko wa ile shafti ndefu iliyo chini ya gari, yaani propela, na kuugeuza uelekee kwenye magurudumu. Ndani yake gia ndogo husukuma gia kubwa. Kama ndogo ina meno 9 na kubwa ina meno 37, basi propela huzunguka mara 37 ili magurudumu yazunguke mara 9. Subaru hazikutengenezwa kwa hesabu moja. Zipo za 37 kwa 9, zipo za 40 kwa 9, zipo za 39 kwa 10, na nyingine zaidi. Kwa nje masanduku yake yaweza kufanana kama mapacha, na yakafungwa kwa bolti zile zile katika matundu yale yale.

Katika gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu, kosa hilo lisingekuwa msiba. Mwendo ungebadilika na mita ya kasi ingedanganya au la, basi. Lakini Impreza za aina ile husukumwa na magurudumu yote manne wakati wote. Difu ya mbele imo ndani ya giaboksi, ya nyuma iko nyuma peke yake, na katikati kuna kifaa cha tatu cha kuzipatanisha. Mpatanishi huyo aliundwa kustahimili tofauti ndogo za muda mfupi, kwa mfano gari linapokata kona au gurudumu moja linapoteleza katika tope. Hakuundwa kupatanisha difu mbili zenye hesabu mbalimbali, kilometa baada ya kilometa, katika lami kavu.

Ugomvi huo wapimika kwa hesabu ya darasani. Gurudumu la gari hilo lina mzingo wa karibu mita 2, maana yake huzunguka kama mara 500 katika kilometa 1. Difu ya 37 kwa 9 hudai propela izunguke mara 2,056 katika kilometa hiyo. Ya 40 kwa 9 hudai mara 2,222. Tofauti ni mizunguko 167 hivi, na yote yapaswa kumezwa na yule mpatanishi wa katikati. Toka Juba hadi Nimule ni kilometa 192. Hesabu inafika mizunguko 32,000, kwa kwenda tu. Joto lake hupika mafuta, kisha hupika kifaa chenyewe, kisha giaboksi nzima. Dalili zake huanza mapema: gari huwa zito kama linalokokota kitu, hugoma katika kona za polepole, na harufu ya kuungua hupanda toka chini. Wengi hudhani ni breki iliyoshika.

Fundi aliweka difu zote mbili chini, akachomeka vipande vya shafti pande zote za ile ya zamani, akapiga alama ya chaki kwenye kichwa cha mbele. Yeye na sajini wakazungusha pande mbili kwa pamoja mara 9, ilhali mama anahesabu mizunguko ya kichwa kwa sauti. Ikatimia 37. Wakafanya hivyo hivyo kwa ile ya kijana. Mama akapita 37, akapita 38, akakomea 40. Watu walikuwa wamekwisha kusimama kutazama, na dereva mmoja wa basi ndogo akaomba ahesabu upya kwa kuwa hakusadiki. Ikatoka 40 tena.

Kijana hakuwa mwizi. Hili lasemwa kwa sababu wanunuzi wengi huwahi kuwaita wauza vipuri wezi. Alikuwa amenunua difu tatu kwa jumla huko Kampala, na aliyemwuzia hakumwambia lolote. Kosa lake lilikuwa kuapa kwa jambo asilolijua. Katika biashara hii muuzaji mwema hutambulikana kwa maswali yake kabla ya kutambulikana kwa mali yake: gari ni la mwaka gani, giaboksi ni ya mkono au ya kujiendesha, usukani uko upande upi, kipuri cha zamani kiko wapi. Asiyeuliza chochote isipokuwa fedha iko ngapi, heri aachwe.

Swali la usukani lina uzito wa pekee hapa Juba. Katika Sudan Kusini magari hupita upande wa kulia, na kwa sheria hiyo usukani wafaa kuwa kushoto. Walakini magari mengi yaliyoletwa kutoka Mombasa na Kampala yana usukani wa kulia, na yale yaliyotoka nchi za Kiarabu yana wa kushoto. Mikono ya springi, diski na difu aghalabu hazibagui. Lakini sanduku la usukani, pedali pamoja na mitambo iliyo karibu nayo hubagua kabisa, na taa za mbele pia, kwa kuwa za gari la usukani wa kulia huinamisha mwanga kuelekea kushoto, yaani hapa machoni mwa anayekuja. Mwenye kununua kwa kutazama umbo tu atarudi sokoni kesho yake.

Walipokuwa bado wanabishana, mzee mmoja muuza vipuri wa meza ya pili aliwaita. Ni mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya ufundi Nairobi kwa miaka mingi. Alikuwa na difu ya hesabu ya 37 kwa 9, nayo ikahesabiwa, sajini akazungusha na mama akahesabu. Kisha mzee mwenyewe akafungua skrubu ya kumwagia mafuta na kumwonyesha fundi sumaku iliyo kwenye ncha yake. Ute wa kijivu, laini kama unga, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyometameta au vinavyochoma kidole ni meno yaliyovunjika. Ile ilikuwa na ute. Difu iliyooshwa hadi ikang'aa, kwa ndani na nje, haina ushahidi wowote wa kutazamwa, na mwenye akili huitilia shaka zaidi kuliko ile chafu.

Sajini, moyo ukiwa umetulia, aliona kwenye ukuta wa mzee kalipa za breki za rangi ya dhahabu zenye maandishi ya Brembo, akatamani. Hapa mzee alionyesha ustaarabu uliompa jina sokoni: alimwuliza rimu za gari lake ni za inchi ngapi. Inchi 15. Kalipa hizo, zilizotolewa katika Impreza ya aina ya STI, hazienei ndani ya rimu iliyo chini ya inchi 17. Tena diski zake ni kubwa zaidi, na STI za kuanzia 2005 zina nafasi ya matundu ya bolti ya milimeta 114.3, wakati za kabla yake zina milimeta 100. Mwenye kutaka kalipa hizo atanunua na diski, na rimu, na matairi, na pengine habu pia. Bei iliyo ukutani ni mlango tu wa nyumba kubwa. Isitoshe, rangi ya dhahabu huuzwa katika kopo, na kalipa ya kawaida huweza kupakwa ikang'aa vilevile.

“Wewe una watoto wa kupeleka shule,” mzee alimwambia. “Gari lako lina breki zake. Zipe pedi mpya.”

“Pedi hizo nazo unazo?” aliuliza mama, akinyosha kidole kwenye sanduku lililojaa pedi zilizotumika ambalo kijana wa jirani aliliweka chini ya meza.

Mzee alijibu kwamba hauzi pedi zilizotumika hata kwa adui. Kanuni yake ni fupi: chuma hurithiwa, mpira haurithiwi, na kitu kilichoumbwa ili kilike hakirithiwi. Kwa kanuni hiyo habu, mkono wa springi, difu, shafti na hata kalipa yenyewe vyaweza kununuliwa vimetumika, vikikaguliwa. Pedi za breki, bomba za mpira za breki, vikombe vya mpira vilivyo ndani ya masta silinda na bushi hununuliwa vipya. Kalipa iliyotumika nayo hufunguliwa kwanza na kutiwa mpira mpya kabla haijafungwa garini. Pedi ya zamani imekwisha kujichonga kwa umbo la diski ya gari jingine; huenda ilinyweshwa mafuta au kuchomwa na joto hadi uso wake ukawa kama kioo. Itashika vizuri mtaani. Itakataa mara ya tatu au ya nne kwenye mteremko, lori likiwa mbele.

Diski zipo katikati ya makundi hayo mawili. Ni chuma, lakini chuma kinacholika. Kila diski ina unene wa chini kabisa uliopigwa chapa kwenye chuma chenyewe. Diski ya mbele ya Impreza WRX nyingi ilitoka kiwandani na milimeta 24, na kikomo chake ni 22. Maana yake milimeta 2 tu ndizo mali ya mtumiaji. Diski yenye 22.3 bado ni halali kwa neno, ila mnunuzi amelipia milimeta 0.3, na fundi asiye na kipimo hawezi kujua. Zipitishwe ukucha usoni: mifereji mirefu, madoa ya buluu ya joto na nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda ukingoni ni sababu za kuiacha mezani.

Jambo jingine lahusu nyumba moja kwa moja, nalo ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji kiasi, kiwango chake hushuka hadi 155. Yakichemka ndani ya bomba huwa mvuke, mguu huzama hadi sakafuni na gari haliitiki. Kwa hiyo mafuta yanayouzwa kwa kipimo kutoka debe lililo wazi, au yaliyobaki nyumbani tangu mwaka jana, hayafai. Tena yapo majumba ambamo hutiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya kitanda. Ni sumu, rangi yake yaweza kufanana na chai nyepesi, na mtoto hasomi maandishi. Yabaki katika chupa yake ya kiwandani, yakimalizika siku ile ile.

Vumbi la breki pia lisichezewe. Pedi na laini za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo husababisha saratani ya mapafu, na katika mzigo wa vipuri vya umri mbalimbali hakuna ajuaye ipi ni ipi. Fundi asipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa pampu, bali apanguse kwa kitambaa kibichi. Na nguo za gereji zifuliwe peke yake, zikiwa zimelowekwa kwanza, si kukung'utwa uani karibu na vitanda vya watoto.

Kuhusu springi na shokamzoba mengi yasemwa na vijana, na machache ni ya kweli. Wapo wanaopenda gari lilale chini kama la mashindano; kwa ajili yao huletwa springi fupi za kurekebishika kutoka Japani, zilizofungwa katika magari yaliyokuwa yakienda barabara laini. Mitaa ya Juba wakati wa mvua haina ulaini huo. Wengine hukata springi kwa msumeno, jambo ambalo halina utetezi: springi iliyokatwa haikai vema kitini pake, na gurudumu likining'inia katika shimo huweza kuchomoka. Shokamzoba iliyotumika hukaguliwa kwa kuusukuma mti wake chini kwa uzito wa mwili. Ushuke kwa ubishi ulio sawa, bila kugonga wala kulegea njiani, na usiwe na mafuta shingoni. Hununuliwa jozi, kushoto na kulia, kutoka gari moja. Muuzaji mwenye moja tu aulizwe nyingine iko wapi.

Na kwa kuwa ukurasa huu husomwa kambini na katika nyumba za polisi, lipo neno moja la kuongeza juu ya asili ya vipuri. Kipuri chenye alama ya gari la serikali, au chenye namba iliyokwanguliwa, hakinunuliwi wala hakiuzwi, hata kama aliyekileta anavaa sare na ana shida ya kweli. Anayekinunua kwa nusu ya bei amelinunua gari la wenzake litakaloshindwa kutoka siku linapohitajiwa. Stakabadhi idaiwe, hata iwe ni kipande cha karatasi chenye jina la bidhaa, tarehe na saini. Mzee wa Custom hutoa stakabadhi na kuongeza siku 3 za kurudisha, kwa sharti kwamba alama yake ya rangi iliyo kwenye bolti haijavunjwa.

Jioni ile mama alirudi nyumbani bila mboga. Katika daftari aliandika kwa mkono wake: difu iliyotumika, 37 kwa 9, pedi mpya za mbele, jozi 1, mafuta ya breki, chupa 1, mafuta ya difu, ujira wa fundi. Akajumlisha, akapunguza kutoka katika fedha aliyoitoa mumewe, akarudisha kilichobaki ndani ya bahasha ya karo. Bahasha ilikuwa imepungua, lakini karo ilitosha, na kalipa za dhahabu zilibaki ukutani.

Fundi alifunga difu Jumatatu. Sajini aliliendesha gari kwa siku mbili mjini kabla ya safari, akisimama mara kwa mara kugusa sanduku la difu kwa nyuma ya kiganja, na kutazama kama kuna uvujaji. Pedi mpya zilizoeshwa taratibu: kusimama polepole mara nyingi kutoka mwendo wa wastani, si kukanyaga kwa ghafla, ili uso wake ukubaliane na diski. Jumapili alfajiri walivuka Nile kuelekea Nimule, masanduku ya shule yakiwa nyuma na mama akiwa mbele na daftari lake.

Waliporudi Custom wiki iliyofuata kumlipa fundi salio lake, ile difu nyingine ilikuwa bado mezani kwa kijana wa Kampala. Haikuwa iking'aa tena, kwa maana vumbi lilikuwa limeishika. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa chaki nyeupe, kwa tarakimu kubwa: 40 kwa 9.